Ngoma ya Kulimia: Gogo, Ngozi na Malipo ya Fundi

Chama cha msingi kinapokusudia kununua ngoma kwa ajili ya kikundi chake cha kulima, swali la kwanza mkutanoni huwa ni bei. Swali la pili huwa ni nani atakayeipiga. Ni nadra mwanachama kusimama na kuuliza gogo lilikatwa lini. Lakini hilo ndilo swali ambalo, lisipoulizwa, ngoma huweza kupasuka kabla ya msimu wa pili, fedha za wanachama zikawa zimekwenda bure, na fundi akalaumiwa kwa kosa ambalo mara nyingi si lake peke yake. Somo hili linaeleza jinsi ngoma ya mti inavyochongwa, inavyowambwa na inavyosawazishwa sauti, ili Katibu na Bodi ya chama wajue ni kitu gani hasa wanachokilipia.

JEMBE NA NGOMA

Usukumani jembe na ngoma ni ndugu wa siku nyingi. Vijana wa kijiji, chini ya kiongozi wao aitwaye nsumba ntale, walikwenda shamba kwa shamba wakilima kwa zamu, na mapigo ya ngoma yalipima mwendo wa majembe. Katika kazi hiyo ndimo ilimokulia bugobogobo, ambayo hadi leo huchezwa na wachezaji wenye majembe mikononi. Jamii mbili kubwa za wachezaji, Bagika na Bagalu, zinazotokana na waganga wawili mashuhuri wa karne ya 19, Ngika na Gumha, zilijulikana kwa kushindana baada ya mavuno. Mtafiti Frank Gunderson alizikusanya nyimbo za kazi za Wasukuma katika kitabu kikubwa kilichochapishwa mwaka 2010. Huko Bujora, karibu na Mwanza, makumbusho yaliyoanzishwa na Padri David Clement yanahifadhi ngoma za watemi wa Usukuma. Katibu atakayepata nafasi ya kufika huko afadhali aangalie midomo ya ngoma hizo kwa makini zaidi kuliko mapambo yake.

Nkoma, ambayo zamani ilihesabiwa katika Wilaya ya Bariadi na sasa imo katika Wilaya ya Itilima, Mkoa wa Simiyu, ina misimu miwili inayomhusu fundi wa ngoma. Mvua huanza Oktoba au Novemba na kukoma Aprili au Mei. Baada ya hapo hufuata kiangazi kikavu chenye upepo. Taabu yote ya ngoma ya kulimia imo katika mgawanyo huo. Kazi ya jembe iko wakati wa mvua, ambapo hewa ina unyevu, ngozi hulegea na sauti huzama. Mashindano na sherehe ziko katika kiangazi, ambapo ngozi hujikaza na mzinga, yaani mti uliochimbwa, hukauka mpaka ukatafuta pa kupasukia. Ngoma ile ile yatakiwa kustahimili hali zote mbili. Ngoma ya kutundikwa ukutani haina shida hiyo.

GOGO

Mti unaofaa kwa mzinga ni ule usiokuwa mzito mno kubebwa shambani, usiochanika upesi, na unaokubali tezo. Mng'ong'o ni mmojawapo, nao hutumika Afrika Mashariki kwa vinu, vigoda na ngoma. Mbao zake ni laini kuchonga, lakini zina kasoro moja: zikiachwa na magome yake baada ya kukatwa, huingiwa upesi na ukungu wa rangi ya samawati na wadudu watobozi. Kwa hiyo gogo la mng'ong'o halingoji, huchongwa mapema. Ikumbukwe pia kwamba mng'ong'o una miti dume na miti jike, na ile jike ndiyo izaayo matunda. Mninga ni bora zaidi kwa sababu husinyaa kidogo sana unapokauka, ila makazi yake ni misitu ya miombo kama ile ya Tabora na Katavi, na mwanachama wa Nkoma atalipia usafiri wake.

Miti mikubwa ya kutosha ngoma si mingi tena. Kwa miaka mingi ardhi ya Usukuma ilifyekwa ili kuwafukuza mbung'o, kupanua mashamba ya pamba na kupata kuni. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliofahamika kwa jina la HASHI, wakati nchi ya Bariadi na Maswa ilipokuwa bado sehemu ya Mkoa wa Shinyanga. Mradi huo uliirudishia heshima desturi ya ngitili, yaani kutenga malisho na miti ipumzike, na mwaka 2002 ulipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mti uliosimama leo katika ngitili umesimama kwa sababu watu walijinyima. Chama kisimtume fundi kukata mti kwa siri. Hapana budi ipatikane idhini ya serikali ya kijiji na kibali cha Ofisa Misitu kwa mujibu wa Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002, na nakala ya kibali ibaki katika jalada la chama. Mti ulioanguka kwa upepo au uliokatwa kupisha barabara unafaa vile vile, nao haugombanishi watu.

Sasa inafaa kueleza kwa nini mti hupasuka, maana wengi hudhani ni bahati mbaya. Mti mbichi umejaa maji. Maji yaliyo katika matundu yake hutoka kwanza bila mti kubadilika umbo. Yakiisha hayo, huanza kutoka maji yaliyomo ndani ya kuta za nyuzi zenyewe, na hapo ndipo mti husinyaa. Lakini hausinyai sawa kila upande. Kwa urefu hausinyai karibu hata kidogo. Kuufuata mzunguko wa pete zake husinyaa kama mara mbili ya vile unavyosinyaa kutoka katikati kwenda kwenye gome. Mzunguko unapotaka kufupika na kiini hakiko tayari kuufuata, ufa hufunguka kutoka gomeni kuelekea katikati. Aidha, ncha za gogo hukauka upesi kuliko ubavu, na ndiyo sababu nyufa huanzia mdomoni mwa ngoma, mahali ambapo ngozi inauhitaji mti uwe mzima.

Dawa yake inafahamika. Gogo lichimbwe likiwa bado bichi, kiini chote kitolewe, na kuta ziachwe nene kuliko unene unaotakiwa mwishoni. Mzinga wenye tundu katikati husinyaa bila kugombana na kiini chake. Midomo yote miwili ipakwe nta, mafuta mazito, rangi kuukuu au samadi ya ng'ombe, ili ncha zisiwahi kukauka kuliko ubavu. Kisha mzinga uwekwe kivulini penye hewa, juu ya vipande vya mbao, usiguse sakafu, na ugeuzwe mara kwa mara. Jua kali ni adui. Moto ni adui mkubwa zaidi, ingawa fundi mwenye haraka huupenda.

Mafundi wa Ulaya watengenezao zumari iitwayo klarineti hutumia mpingo, ambao sehemu kubwa yake hutoka kusini mwa Tanzania na Msumbiji. Vipande vya mpingo huo, vidogo kuliko mchi, huachwa vikauke kwa miaka kadhaa kabla ya kutobolewa. Asiyeweza kungoja miezi minane kwa mzinga wa ngoma na ajilinganishe na hao.

Mzinga umekauka lini? Fundi mzoefu hugonga kwa kidole akasikiliza. Chama kina chombo cha uhakika zaidi, nacho ni mizani ya kununulia pamba. Mzinga upimwe kila baada ya wiki mbili, na uzito uandikwe kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa mzingani. Mwanzoni uzito hushuka haraka, kisha polepole, mwishowe husimama. Ukisimama kwa mwezi mzima wa kiangazi, mzinga umelingana na hewa ya mahali hapo, na sasa ndipo kuta zipunguzwe kufikia unene wa mwisho. Hakuna ufundi wa siri katika hili.

NGOZI

Ngoma kubwa huwambwa kwa ngozi ya ng'ombe, ndogo kwa ya mbuzi. Ngozi ya kuwamba isiwe imekaushwa kwa chumvi, kama zilivyo nyingi zinazouzwa na wafanyabiashara. Chumvi huvuta maji kutoka hewani, na ngoma yenye ngozi ya chumvi hulegea asubuhi ya umande wakati nyingine bado zinalia. Inafaa kununua ngozi siku ya machinjo, mnunuzi akiwapo mwenyewe. Aitazame upande wa ndani dhidi ya jua: mkato wa kisu wa mchinjaji asiye mwangalifu, hata ukiwa haujatokeza nje, utakuwa mwanzo wa kuchanika. Mfugaji naye ana sehemu yake. Ng'ombe aliyepigwa chapa ya moto ubavuni ameharibiwa ngozi mahali penye thamani kuliko pote. Chapa ya mguuni ingemtambulisha vile vile.

Ngozi ya mgongoni ni nene kuliko ya tumboni. Fundi akikata duara lake ovyo, upande mmoja wa ngoma utakuwa mzito na mwingine mwepesi, na hakuna kukaza kutakakosawazisha sauti yake. Kwa hiyo mstari wa uti wa mgongo upitishwe katikati ya mdomo, ili unene wa kulia ulingane na wa kushoto. Ngozi ilowekwe mpaka ilainike kote, mafuta na nyama vikwanguliwe, kisha iwambwe ikiwa mbichi.

Kabla ya hapo mdomo wa mzinga ukaguliwe. Ubao ulionyooka upakwe masizi na mdomo uwekwe juu yake. Sehemu zitakazotoka na masizi ndizo zilizoinuka, nazo zipunguzwe kwa msasa hadi duara zima liguse. Ukingo uviringwe uwe laini kama ukingo wa kikombe, maana ukingo mkali hukata ngozi polepole kama wembe.

Ziko ngoma ambazo ngozi hushikwa kwa vigingi vya mti, na ziko ambazo ngozi za pande mbili huvutana kwa kamba za ngozi. Katika zote kanuni ni moja. Methali husema mwamba ngoma huvutia ngozi kwake, na kama maelezo ya tabia ya wanadamu haina kosa. Kama maelezo ya ufundi, ingemharibia mtu ngoma. Fundi halisi akikaza huku, huenda mara moja upande wa mkabala, kisha hukata katikati ya pande hizo mbili, kama fundi wa magari anavyofunga nati za gurudumu. Wala asikaze kwa nguvu zake zote ngozi ikiwa na maji, kwa kuwa ngozi itajikaza yenyewe ikikauka, na nguvu ya ngozi inayokauka yaweza kung'oa vigingi au kupasua mdomo. Ikauke kivulini siku kadhaa bila kupigwa. Watoto wawekwe mbali.

KUSAWAZISHA SAUTI

Sauti ya ngozi hutegemea upana wa mdomo, uzito wa ngozi na mvutano wake. Mdomo ukiwa nusu ya upana, mengine yakibaki kama yalivyo, mtetemo huwa mara mbili, na sauti hupanda. Mvutano haufuati hesabu hiyo. Ukiongezwa mara mbili, mtetemo huongezeka kama mara 1.4 tu, ili mtetemo uwe mara mbili, mvutano lazima uwe mara nne. Hii ndiyo sababu ngozi nyingi huchanwa na wapigaji wanaotaka ngoma kubwa ilie kama ndogo. Anayetaka sauti ya juu na achongewe ngoma yenye mdomo mwembamba, au achague ngozi nyepesi. Kumlazimisha fundi azidi kukaza ni kuinunua ngozi mara mbili.

Kusawazisha hufanywa hivi. Ngoma huwekwa mahali pa utulivu. Fundi huweka kidole kimoja katikati ya ngozi kwa wepesi, na kwa kidole kingine hugonga kando ya ukingo, karibu na kila kigingi au kila kamba, akizunguka duara lote. Penye sauti ya chini pamelegea, hukazwa kidogo. Kisha husikilizwa tena upande wa mkabala, kwa maana kukaza huku hubadilisha kule. Kazi hii huchukua muda mrefu kuliko watazamaji wanavyopenda. Ngoma iliyosawazishwa vizuri hutoa mlio mmoja unaosimama. Isiyosawazishwa hutoa milio miwili inayosukumana, na kwa mbali shambani mapigo yake hayabainiki.

Ngozi ya ngoma, tofauti na uzi wa zeze, haitoi milio ya juu inayopatana na mlio wake wa chini. Ndiyo sababu katika nchi za Malawi na Zambia wapigaji wengi hubandika donge la nta katikati ya ngozi: uzito huo hushusha mlio na kuufanya mzito na safi zaidi. Donge likibanduliwa, sauti hurudi ilivyokuwa. Kwa kikundi cha Nkoma, nta yaweza kuwa ya manufaa hasa wakati wa kiangazi, sauti inapopanda mno, kwa kuwa haihitaji kulegeza kamba.

Wakati wa mvua tatizo ni kinyume chake. Ngozi iliyolegea huoteshwa jua, na jua likikosekana huoteshwa moto wa nyasi au magunzi ya mahindi. Ngoma ishikwe mbali na moto, izungushwe bila kusimama, na mshikaji aweke kiganja chake mbele ya ngozi. Joto lisilovumilika kwa kiganja halivumiliki kwa ngozi pia. Mpigaji aache kuota mara sauti ifikapo inapotakiwa, asingoje ipite, kwani itaendelea kupanda kidogo baada ya kuondolewa motoni. Jioni, kazi ikiisha, ngoma ya kamba ilegezwe na kufunikwa. Ngoma iliyokazwa kwa moto mchana na kuachwa hivyo hivyo ndani ya nyumba yenye paa la bati, siku ya jua kali inayofuata mvua, ndiyo ile wanayosema imepasuka yenyewe.

MALIPO

Hapa ndipo Katibu anapoingia katika ufundi, apende asipende. Fundi mwenye gogo bichi ana njia mbili. Akiliacha likauke, hatapata shilingi kwa miezi mingi, na kodi ya shule ya watoto wake haingoji. Akilimaliza sasa, atalipwa sasa, na ufa utakuja baadaye mikononi mwa mnunuzi. Chama kinachosema kitalipa siku ya kupokea ngoma iliyokamilika kimemchagulia fundi njia ya pili. Chama kinacholipa zote mwanzoni hakijafanya vizuri zaidi, kwa sababu kimeondoa kila kitu ambacho kingemrudisha fundi kuja kusawazisha.

Inashauriwa malipo yagawanywe kwa hatua. Tuseme bei iliyokubaliwa ni shilingi 300,000. Theluthi ya kwanza ilipwe fundi atakapoleta mzinga mbichi uliochimbwa, pamoja na kibali chake. Tangu siku hiyo mzinga ni mali ya chama, nao ukaushwe katika ghala la chama na si nyumbani kwa fundi; mzigo wa kungoja umeondoka kwake na kuhamia kwa wale wenye uwezo wa kuubeba. Uwekwe mbali na mbolea na madawa ya pamba. Theluthi ya pili ilipwe baada ya mzinga kukauka kwa ushahidi wa mizani, kumaliziwa na kuwambwa. Theluthi ya mwisho ilipwe ngoma ikiisha jaribiwa mara mbili: asubuhi ya umande na mchana wa jua. Mjaribu awe mpigaji wa kikundi. Mwenyekiti hana sababu ya kuijaribu.

Katika vitabu, theluthi ya kwanza isiandikwe kuwa gharama ya mwaka. Ni mali ambayo haijakamilika, na mkaguzi wa COASCO atataka kuuona mzinga wenyewe ghalani. Ngoma ikikamilika, iingizwe katika daftari la mali za kudumu kwa mistari miwili, mzinga na ngozi, kwa kuwa ngozi hubadilishwa mara nyingi kabla ya mzinga kuchakaa. Vyama vingi huandika ngoma moja kwa mstari mmoja, na siku ngozi inapochanika Katibu hufuta mali yote, kisha mzinga mzima ukaonekana baadaye nyumbani kwa mtu ukikaliwa kama kigoda.

ZOEZI LA KIKUNDI CHA MASOMO

Mzinga uliwekwa ghalani katikati ya Juni. Ulipimwa kila baada ya wiki mbili, na uzito wake kwa kilo ulikuwa 34, 30, 27.5, 26, 25, 24.5, 24.5, 24.5. Wanachama wajadili ni katika kipimo cha ngapi Katibu alipaswa kumwita fundi, na kwa nini si mapema zaidi. Fundi hakuja kwa wakati, na mwishoni mwa Novemba, mvua zikiwa zimeanza, mzinga ulipimwa tena ukawa na kilo 25. Mjumbe mmoja alidai kuwa mizani imeharibika. Mwingine alidai kuwa mzinga umebadilishwa usiku. Wajadili ni maelezo gani ya tatu yanayowezekana, na kama theluthi ya pili ilipwe sasa au isubiri.